Anayetunga majina ya leso naye ni mwandishi

Mhariri,

Salamu nyingi kwako na kwa wenzako hapo ofisini. Mimi ni msomaji wenu wa tangu zamani, nikinunua gazeti huanza na ukurasa wa mashairi kabla hata ya mpira, na leo imebidi niandike manake kuna barua mlichapisha majuzi ya ndugu mmoja imenikaa rohoni nimeshindwa kuinyamazia. Alisema Pwani siku hizi haina waandishi wa maana. Ushahidi wake ni kwamba hawashindi tuzo, vitabu vyao haviuziki, na huko mitandaoni wafuasi wao ni wachache mno, ati mchekeshaji mmoja tu anawashinda wote ukiwaweka pamoja. Akamaliza kwa kusema mwandishi asiye na watu si mwandishi.

Hilo la mwisho mimi na yeye ni kitu kimoja. Ninapomkatalia ni vile anavyowahesabu hao watu.

Mimi nauza leso hapa Biashara Street, Mombasa, niko nyuma ya kaunta tangu ujana wangu na fasihi sijasomea zaidi ya ile ya sekondari. Lakini kazi hii ni ya kusoma. Mtu ambaye hajakaa duka la leso hufikiri kina mama wanachagua rangi tu. Rangi wanaangalia sikatai, pindo wanaangalia, mji pia, ile sehemu ya katikati, wanaangalia, ila leso ikishakunjuliwa pale kaunta swali ni moja, "imeandikwaje?", yani jina lake, yale maneno yaliyochapwa juu yake. Na wale wakubwa ambao miwani wameiacha nyumbani wananiambia "hebu nisomee babangu", basi mimi mwanamume mzima na ndevu zangu nasimama pale nasoma kwa sauti HASIDI HANA SABABU, na mama wa watu ananyamaza, macho ameyaelekeza darini, anampima mtu ambaye hata hayuko dukani. Halafu anasema "a-a, hii ataona si yeye, nitolee ilo na makali kidogo." Namtolea nyingine. "Hii nayo imezidi, itakuwa vita, mimi nataka ajue tu kwamba najua." Twaenda hivo hivo mpaka kaunta imejaa leso na bosi ananiangalia kwa jicho baya. Sasa niambieni, wako wasomaji wangapi wa vitabu wanaousoma mstari mmoja kwa makini namna hio, wakaupima uzito wake, wakawaza utamfikia nani na utamfikiaje?

Kuna kisa kimoja naweza kukisema kwa vile wenyewe wameshapatana zamani. Alikuja mama akachagua MWENYE KELELE HANA NENO, akaniambia wazi kabisa hii ni ya wifi yangu, ile siku ya harusi nataka aione vizuri. Baada ya muda si mrefu akaja mwengine, mimi wala simjui, akapekua akapekua akaishika ileile, na yeye analalamika ana wifi yake mdomo hauna breki. Kumbe ndo wao. Harusini wakatokea wote wawili na leso moja, kila mmoja ameivaa kumpiga kijembe mwenzake, nilivyohadithiwa ni kwamba watu walicheka hadi bi harusi akasahauliwa kule ndani. Sasa mfikirie yule aliyeyatunga maneno yale. Hakuwajua hawa wawili wala hakujua ugomvi wao, na amewaandikia wote, na kila mmoja ameamini kwa dhati kwamba mtungaji yuko upande wake.

Huyo kwangu mimi ni mwandishi mwenye watu, na hakuna anayemjua jina. Hapa mtaani kwetu kuna nyumba ya kina Kaderdina Hajee Essak, wako kwenye biashara ya leso tangu 1887, na leso zao mtu yeyote wa Pwani anazitambua kwa yale maandishi ya Mali ya Abdulla. Mwenye kitambaa yeye tunamjua, amechapwa pale pembeni hadi leo. Aliyetunga jina la leso hatumjui na hakuna anayeuliza. Hana mfuasi hata mmoja huyo, na maneno yake yanalala kitandani na watu, yanabeba watoto mgongoni, yanaenda matangani na harusini.

Najua ndugu yangu atanijibu kwamba hayo ni maneno ya kitambaa, yeye anazungumzia fasihi. Haya, tumchukue mshairi Muyaka bin Haji, huyo hata yeye hawezi kumkataa. Mtu wa papa hapa Mvita, yani Mombasa, alizaliwa yapata 1776 na kufariki kama 1840. Tuzo hakupata. Kitabu hakuchapisha hata kimoja. Diwani yake imetoka 1940, tena imetokea huko Johannesburg, mhariri wake mzungu akiitwa William Hichens. Yani toka kufa kwake hadi kupatikana kitabu ni kama miaka mia. Swali langu kwa yule ndugu, hio miaka yote kabla ya kitabu yale mashairi yalikuwa yamekaa wapi?

Yalikuwa vichwani mwa watu. Mwishoni mwa karne ile ya 19 ndo Mwalimu Sikujua alihangaika kuyakusanya, akashirikiana na padri mmoja Muingereza, William Taylor, kuyaandika na kuyafafanua, na karatasi zenyewe mpaka leo ziko London. Lakini Mwalimu Sikujua hakuyatoa hewani, aliyakuta yapo, wazee wanayo, wamekaa nayo muda wote huo bila kulipwa na mtu na bila kuambiwa kuna mtihani. Na mimi siwezi kuamini kwamba Muyaka alikuwa mtunzi peke yake hapa kisiwani zama hizo. Lazima walikuwepo wengine, pengine mafundi wa vina kumshinda, wamezikwa na maneno yao yamezikwa nao siku ileile.

Kwa nini yake yalibebwa? Mimi nionavyo ni kwamba mji ulikuwa na kazi nayo. Zama zile Mombasa ilikuwa chini ya ukoo wa Mazrui, na Seyyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, alikuwa anaitaka, na aliipata 1837, kwa hivo Muyaka aliishi miaka ya vitisho na vita na watu kugeukana, na yeye alikuwa na upande wake akausema waziwazi. Hakukaa katikati akangoja aone nani atashinda. Halafu baada ya siasa akirudi nyumbani alitunga pia habari za mapenzi, za biashara, za watu na vijimambo vyao, mambo ambayo hata asiyekuwa mwanachuoni anayajua. Wataalamu husema yeye ndiye aliyelitoa shairi msikitini akalipeleka sokoni. Na huko sokoni alijibiwa! Watu wa Lamu walikuwa na mtunzi wao, Zahidi Mngumi, na mashairi yalikuwa yakienda na kurudi kati ya Amu na Mvita kama mizinga, huyu akirusha yule anarudisha. Mimi hilo la kujibiwa naliweka juu kuliko kusifiwa. Mtu akikusifu inawezekana hata hajasoma, ni adabu tu. Mtu akikaa chini usiku akatafuta vina vya kukujibu, huyo umemgusa.

Na idadi si kitu. Mwana Kupona binti Mshamu, wa Pate, alipotunga utendi wake wa wosia 1858 alikuwa mgonjwa na alikuwa na msomaji mmoja tu akilini, binti yake Mwana Hashima. Mtoto mmoja wa kike! Hakusema "jamii", hakusema "vijana wa leo", hakuwa na habari na mimi wala wewe, alikuwa mama anayeumwa ana hofu ataondoka kabla hajamaliza kusema. Matokeo yake utendi ukaingia kila nyumba ya Pwani, mabinti wakafundishwa, wengine leo wanaupinga wakisema unamfunga mwanamke na wengine wanautetea, mke wangu yuko kwenye wale wanaoupinga na akianza hanyamazi. Zaidi ya miaka 160 baadaye mtu anagombana na Mwana Kupona jikoni kwangu Majengo. Mwandishi wa wafuasi laki tano atapata hilo?

Sasa nije kwa mshairi Abdilatif Abdalla kwa sababu hapa yule ndugu ataona nimejipiga mwenyewe, manake huyu tuzo alipata. Ndio alipata, Tuzo ya Jomo Kenyatta, 1974, kwa Sauti ya Dhiki. Lakini hebu tuangalie ilivyokuja. 1968 akiwa kijana wa miaka 22 hivi hapa Mombasa aliandika kijikaratasi cha kuuliza Kenya inaelekea wapi, akakisambaza, na serikali ya huyohuyo Jomo Kenyatta ikamfunga miaka mitatu kuanzia 1969, akatoka 1972. Mashairi aliyatunga humo ndani, mengine kwenye karatasi za chooni. Kitabu kikatoka 1973, mwaka uliofuata akapewa tuzo yenye jina la rais aliyekuwa amemfunga. Mimi sijui waliokaa kwenye hio kamati waliangaliana vipi siku hio. Nachotaka kusema ni kwamba tuzo ilikuja nyuma kabisa, ikiwa imechelewa, na ingekosekana isingepunguza kitu. Watu walikuwa wameshajua kwamba yule kijana swali lile aliliuliza akijua bei yake. Wako waliokuwa wanalo mdomoni na hawakuthubutu, yeye akalitoa. Sisemi kila mwandishi afungwe, Mungu atuepushe, ila msomaji ana pua, akinusa kwamba mwandishi hakuweka chochote chake hapo mezani naye haweki.

Kuhusu mauzo sina mengi. Vitabu vinavyouzika Kenya ni vile vya mtihani, kila mtu anajua, na mtihani ukiisha ndo vinarudi kwenye vile vibanda vya vitabu mtumba, mstari umepigwa kila ukurasa, jibu la swali la nne limeandikwa pembeni kwa penseli. Mauzo hayo ni ya wizara. Lakini pia tusidharau, manake wako wanaopenya. Ken Walibora aliposomwa shuleni alisomwa kwa lazima kama wengine, na hata hivo alipofariki Aprili 2020 nilishangaa, watu wazima wenye watoto wao, mmoja ni dereva wa matatu ya Likoni, walikuwa wanasimuliana habari za Kongowea Mswahili, yule mhusika wa riwaya yake Siku Njema, kana kwamba ni jamaa yao wa karibu. Hio hakuna waziri anayeweza kuiamrisha.

Na upande wa mitandao tusijidanganye. Maneno yanafowadiwa, Jumatatu kila mtu ameyaweka kwenye stetasi ya WhatsApp na picha ya machweo nyuma yake, Ijumaa mwulize yalisemaje, hajui. Sisemi mitandao ni mibaya, barua hii naiandika kwenye simu. Nasema maneno yale hayakuandikiwa mtu. Yamelainishwa mpaka yanamfaa kila mmoja, na lile linalomfaa kila mmoja yule mama wangu wa kaunta angelirudisha hapohapo, angesema hii haimwambii mtu kitu, nitolee nyingine.

Ndo maana nikialikwa kwenye hizi hafla za kuzindua vitabu hapa mjini, na nimekwenda chache kwa sababu bosi wangu hualikwa na hapendi kwenda, narudi nimechoka. Sitataja ya nani wala wapi. Ukumbi wa hoteli, kipupwe mpaka meno yanagongana, kitabu ni cha Kiswahili na hotuba ni za Kiingereza, mgeni wa heshima amechelewa na akifika anasema hajapata wasaa wa kukisoma lakini anakisifu, mwandishi anashukuru watu dakika nyingi kuliko alivyosoma kitabu chake. Sambusa zikija ndo mkutano unachangamka. Hakuna aliyetoka Bondeni pale, hakuna mchuuzi wa Marikiti, hakuna hata mwalimu wa madrasa. Na nikikifungua kile kitabu natafuta huyu anamwambia nani, simuoni. Anamwandikia profesa ambaye atamwandikia mwengine. Basi huyo asije tena akalalamika gazetini kwamba watu wa Mombasa hawasomi. Watu hawa hawa wanasoma leso, wanasoma maandishi ya nyuma ya tuktuk, wanasikiliza taarab ya mashairi marefu mpaka mwisho na wanaikariri.

Hio taarab nayo nisiipite. Mwimbaji Juma Bhalo alifariki 2014 na mpaka leo ukipiga nyimbo zake kwenye harusi ya hapa kina mama wa makamo wanaimba beti zote, hawabahatishi. Sasa waulize aliyetunga ni nani. Wengi hawajui kwamba nyingi ya zile ni kazi ya ndugu yake Ahmad Nassir, yule wa kitabu cha Malenga wa Mvita, na nyengine ni za huyohuyo Abdilatif. Mimi nilikuwa naliona hilo kama dhulma na bado kidogo naliona hivo, mtunzi alipwe na atajwe, hilo halina mjadala. Lakini upande mwengine naona pia ni daraja ambayo si kila mtu anaifikia, mtu aliyeachwa na mume analia kwa maneno yako akidhani ni yake mwenyewe. Kitabu cha Ahmad Nassir kiko maktaba na ni kitabu kizuri, walimu wanakipenda. Ila watu wake wako harusini.

Kwa hivo mimi namwambia yule ndugu kwamba anatafuta waandishi wa Pwani kwenye orodha ambazo hawamo. Ustadh Mau wa Lamu amekuwa imamu na muoka mikate miaka yote hio huku anatunga, na mashairi yake yalikuwa yakisambaa kwa kaseti, watu wanarikodiana, sasa yanasambaa kwa simu. Ukimtafuta kwa hesabu ya mauzo utasema hayupo. Nenda Amu ukaulize kama hayupo.

Nawe mhariri nina lako, usidhani umepona. Ukurasa wa mashairi mnauminya kila mwaka, herufi zimekuwa ndogo kama za karatasi ya dawa, na tangazo la mkopo likija shairi ndo la kwanza kutupwa nje. Pili, zamani mtu akitoa shairi la swali majibu yalikuwa yakichapwa wiki zinazofuata mpaka malumbano yanapamba moto, mtu unanunua gazeti kusudi uone fulani amejibiwaje. Siku hizi nasoma shairi la kuuliza halafu jibu silioni, sijui hayaletwi ama mnayakalia. Rudisheni jibu liwekwe ubavuni mwa swali, ukurasa uleule, na mtaje mtunzi na mtaa wake. Tatu, wakaribisheni kina mama. Wako hapa Mombasa wanaotunga majibu makali kuliko lolote nililosoma kwenu mwaka huu, wanayatuma kwa sauti kwenye magurupu yao, shida ni hawana kompyuta na hawana muda wa kuja ofisini na bahasha. Wekeni namba wawatumie sauti, kijana mmoja hapo kwenu aketi aandike. Wa kwanza kuwatumia namjua, atakuwa mke wangu, na anayejibiwa ni Mwana Kupona.

Muuza leso,
Biashara Street, Mombasa